Eringo ya zambarau: haikuota, imelala, haikurudi

Mwishoni mwa Julai, nyasi za Texas zikiwa zimekauka na maua mengi ya porini yamekwisha, eringo ndiyo kwanza inaanza kugeuka rangi. Shina, majani, na vile vichwa vya maua vinavyofanana na nanasi dogo lenye shungi lake juu, vyote vinatoka kijani na kuingia zambarau iliyokolea, stameni za buluu zikichungulia katikati. Kitaalamu huitwa Eryngium leavenworthii, jina linalomkumbuka Melines Leavenworth, daktari wa jeshi la Marekani wa karne ya 19 aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea. Kwao ni Kansas, Oklahoma, Arkansas na Texas, kwenye mbuga za nyasi, malisho na kando ya barabara penye udongo wa chokaa.

Ina miiba kama mbaruti, lakini ni ndugu ya karoti na giligilani. Undugu huo ubaki kichwani unaposoma yanayofuata. Kama karoti, hushusha mzizi mkuu usiopenda kuguswa, na mbegu yake hudondoka kiinitete, yaani mche ulio ndani yake, kikiwa bado kichanga. Tena huishi msimu mmoja tu: huota, huchanua, huangusha mbegu, hufa. Matatizo mengi hapa chini yanatokana na kuitunza kama waridi, yaani kuipa maji, samadi na kivuli, na kuikata maua yanapoanza kufifia.

Mwongozo umeandikwa kwanza kwa Waswahili wenye kipande cha ua au shamba Dallas, Fort Worth, Houston na Oklahoma. Walio Afrika Mashariki wana sehemu yao karibu na mwisho.

Kabla ya yote: ni eringo kweli?

Watu hupalilia eringo wakidhani ni mbaruti, na wengine humwagilia mbaruti vamizi mwaka mzima wakidhani ni eringo. Tazama ua. Mbaruti wa jamii za Carduus, Cirsium na Silybum wana ua kama brashi laini, na mbegu zao hubebwa na upepo kwa manyoya meupe. Eringo haina manyoya hata kidogo, kichwa chake ni kigumu, na zambarau yake haikai kwenye ua peke yake bali huteremka hadi kwenye shina. Kama hakuna ua bado, angalia majani ya juu: ya eringo hukumbatia shina na kugawanyika kama vidole vilivyotanuliwa, kila kidole kikiisha kwa mwiba.

Ukikuta mbaruti aina ya Carduus nutans, mng'oe kabla hajatoa mbegu. Huyo ni mgeni kutoka ng'ambo na hufukuza mimea ya asili.

Mbegu hazikuota kabisa

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na sababu yake ya kwanza ni kalenda. Mtu hununua pakiti Machi, anasia Aprili, anangoja, hakuna kitu. Mbegu ya eringo inahitaji kukaa kwenye unyevu na baridi kwa wiki kadhaa ili kiinitete kimalize kukua. Sia kati ya Septemba na Novemba, uiachie majira ya baridi ifanye kazi yake. Kama ulisia Aprili, usilifukue eneo hilo. Weka alama na uliache hadi machipuo ya mwaka ufuatao, kwani baadhi ya mbegu zitakuwa bado hai.

Kama Novemba imekupita, tumia friji:

1. Chukua mchanga safi, mara tatu ya ujazo wa mbegu. Uloweshe hadi ukiufinya ushikane bila kuchuruzika.
2. Changanya na mbegu, tia kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe.
3. Weka sehemu ya chini ya friji, karibu nyuzi 4 za Selsiasi, kwa wiki 6. Usiweke kwenye friza.
4. Fungua mfuko kila wiki kupitisha hewa. Ukiona ukungu, tandaza mchanga juani kwa dakika chache, kisha rudisha ukiwa na unyevu ule ule.
5. Sia mchanga na mbegu pamoja, ikiwezekana kabla ya Februari kwisha.

Sababu ya pili ni kina. Eringo haifukiwi kama mahindi. Kwangua ardhi kwa reki, mwaga mbegu, pitisha reki kidogo, kisha kanyaga au gandamiza kwa ubao. Udongo juu ya mbegu usizidi milimita 3. Kukanyaga huko kunaonekana kama jambo dogo, lakini mbegu isiyogusana na udongo hukauka kila siku na kulowa kila usiku hadi inakufa.

Ya tatu ni matandazo na nyasi. Mbegu iliyomwagwa juu ya nyasi za ua haiufikii udongo, na iliyofunikwa kwa magome ya miti haipati mwanga. Ardhi ionekane wazi kwa walau nusu ya eneo.

Ya nne hufichwa na mfuko wa mbolea. Mbolea nyingi za nyasi zinazouzwa Marekani zimechanganywa na dawa inayozuia magugu kuota, na dawa hiyo haibagui gugu na ua. Soma kibandiko. Ukiona prodiamini au dawa nyingine ya aina hiyo, usisie hadi muda ulioandikwa uishe, na mara nyingi ni miezi kadhaa. Unga wa gluteni ya mahindi, unaouzwa kama dawa ya asili, nao huzuia miche.

Mwisho kabisa ndipo ushuku mbegu yenyewe. Chukua 20, zipitishe friji wiki 6 juu ya karatasi ya jikoni yenye unyevu, kisha ziweke mahali penye nyuzi 18 hadi 20. Baada ya wiki 3 au 4 hesabu. Zikiota chini ya 5, pakiti ni ya zamani. Sia mara mbili ya kipimo au tafuta mbegu za msimu huu.

Miche ilitokea, kisha ikatoweka

Anza na mkono wa mpaliliaji. Majani ya kwanza ya eringo hayafanani na ya mmea mkubwa. Ni marefu, hayajagawanyika, yana meno pembeni na yamelala chini kama kisahani. Ukiwa na msaidizi wa bustani, mchomekee vijiti kando ya kila kundi la miche.

Kama hakuna aliyepalilia, toka usiku na tochi. Konokono wasio na nyumba huacha utelezi unaong'aa. Wale vijidudu wa kijivu wanaojikunja kama gololi hukata mche usawa wa ardhi, hasa penye majani yaliyooza. Ondoa takataka hizo umbali wa nusu mita kuzunguka miche, na uache kumwagilia jioni. Mara nyingi hilo linatosha.

Mche uliolala, kishingo chake kimesinyaa na kuwa cheusi, una kinyaushi, ugonjwa unaoozesha miche. Huo hauponi. Punguza maji ili uiokoe mingine.

Halafu kuna kupandikiza. Eringo iliyong'olewa kwenye kitalu cha sinia hukaa wiki mbili kama imesinzia, kisha inakufa, kwa sababu mzizi mkuu umekatika. Ikiwa lazima uanze kwenye vyombo, tumia mirija ya karatasi yenye kina cha sentimita 15 au zaidi, na uihamishe na karatasi yake ikiwa na majani 3 tu ya kweli. Mche mkubwa kuliko huo uache ulipo.

Majani yanajikunja kama kikombe, shina linapinda

Wengi hukimbilia dawa ya vidukari. Pindua jani kwanza. Kama hakuna mdudu, karibu kila mara chanzo ni dawa ya magugu ya majani mapana.

Ya kawaida ni 2,4-D iliyopeperushwa na upepo kutoka ua wa jirani au ukingo wa barabara. Alama yake ni kwamba upande mmoja wa eneo umeumia kuliko mwingine. Mmea ulioguswa kidogo unaweza kuendelea, lakini hakuna cha kuuongezea ili upone.

Mbaya zaidi ni ile inayoingia kwa mlango wa nyuma. Aminopiralidi na pikloramu hupuliziwa kwenye malisho, ng'ombe hula nyasi zile, na dawa inatoka nzima kwenye samadi. Mtu anayetandaza nyasi kavu au samadi hiyo anaingiza sumu kwa mkono wake mwenyewe, nayo hukaa ardhini miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kabla ya kutumia samadi au nyasi kavu usiyojua ilikotoka, fanya jaribio la maharage: changanya na udongo safi nusu kwa nusu katika vikopo vitatu, weka udongo safi mtupu katika vikopo vingine vitatu, panda maharage matatu kila kikopo. Ndani ya wiki 3 majani ya maharage yakijikunja kwenye vikopo vyenye samadi na si kwenye vile vingine, usiitumie samadi au nyasi hiyo popote penye maua au mboga.

*Simama hapa* kama eneo kubwa limeathirika au dawa imeingia kwenye kisima au mfereji wa maji. Piga picha, weka sampuli, na uwasiliane na ofisi ya ugani ya kaunti yako, Texas A&M AgriLife Extension ukiwa Texas. Usijaribu kusafisha kwa dawa nyingine.

Mirefu, laini, inalala

Eringo yenye afya ina kimo cha sentimita 30 hadi 90 na shina gumu kama kijiti. Ikipita hapo na kulala, ulaji wake umezidi. Acha mbolea kabisa, acha mboji, acha kumwagilia baada ya mizizi kushika. Inahitaji jua kamili, saa 6 au zaidi kwa siku. Mwaka huu unaweza kuifunga kwenye kijiti. Mwaka ujao isie mahali pakame na maskini zaidi. Kando ya njia ya changarawe panaifaa kuliko kitanda cha waridi.

Nafasi nayo ina lake. Eringo zilizobanana kiasi husaidiana kusimama, ila zikiwa chini ya sentimita 20 kati ya moja na nyingine zote hurefuka kutafuta jua. Acha kama sentimita 30.

Agosti imefika na bado ni kijani

Subiri. Kila mwaka eringo hung'olewa wiki mbili kabla ya kugeuka rangi. Vichwa hutokea vikiwa kijani, na zambarau huja polepole kati ya Julai na Septemba. Usihukumu kabla ya katikati ya Septemba.

Ikiwa imechanua na rangi ni hafifu, kijivu chenye doa la zambarau, tazama kivuli kwanza, nitrojeni pili, udongo tatu. Udongo unapimika kwa siki: chota kijiko cha udongo mkavu, dondoshea siki nyeupe. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka, una chokaa ya kutosha. Usipotoa kitu, kama ilivyo kwenye mchanga mchachu wa mashariki mwa Texas, eringo itaishi kwa tabu. Changarawe ya mawe ya chokaa, tabaka la sentimita 5 lililochanganywa na udongo wa juu, husaidia. Kabla ya kumwaga chokaa ya unga, peleka sampuli maabara ya udongo. Chokaa iliyozidi haitoki kwa urahisi.

Inanyauka ghafla

Sababu ya kawaida ni maji yaliyotuama. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Kama mara ya pili maji yapo baada ya saa 24, mizizi inakosa hewa. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa ukanda unaoshuka kutoka mto Red hadi San Antonio unafahamika kwa mtu aliyelima udongo wa mbuga kule kwetu: ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unanata kama gundi. Eringo huumudu udongo huo kwenye mteremko, haiumudu bondeni. Inua tuta la sentimita 15 hadi 20. Ukihitaji kuchimba mtaro mrefu, piga simu namba 811 angalau siku mbili za kazi kabla. Huduma ni ya bure na watakuonyesha mabomba ya gesi na nyaya zilipopita.

Kama eneo halituamishi maji na mimea inanyauka ndani ya siku chache kati ya Julai na Septemba, majani makavu yakibaki yameshikilia shina, shuku ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na kuvu iitwayo Phymatotrichopsis omnivora. Kuvu hii hupenda udongo wa chokaa ulio na joto, yaani makao yale yale ya eringo, na hushambulia zaidi ya aina 2,000 za mimea ya majani mapana. Bustani ya nyumbani haina dawa ya kuaminika. *Usiendelee kubahatisha.* Fukua mmea mmoja na mizizi yake, uufunge, uupeleke maabara ya magonjwa ya mimea kupitia ofisi ya ugani. Wakithibitisha, panda nyasi za asili mahali hapo, kwani jamii ya nyasi haidhuriki, na uhamishe eringo kwingine.

Mwaka wa kwanza ilipendeza, wa pili hakuna kitu

Lalamiko hili linaumiza, kwa sababu anayelileta alifanya karibu kila kitu sawa. Eringo hairudi kutoka kwenye mzizi. Kinachorudi ni mbegu, kwa hiyo tafuta mahali mnyororo wa mbegu ulipokatika.

Mara nyingi ulikatwa na mashine ya nyasi. Oktoba vichwa hugeuka kahawia, bustani inaonekana chafu, mashine inapita, na mbegu ambazo hazijakomaa zinaondoka na takataka. Ngoja hadi vichwa vibomoke ukivisugua ukiwa na glavu, kwa kawaida Novemba. Hapo kata, kung'uta vichwa juu ya ardhi ile ile, na uache mabua yalale. Kwa kuwa mbegu haina manyoya, zilizo nyingi huangukia hatua chache tu kutoka kwa mama yao. Ukitaka eringo upande wa pili wa ua, zibebe wewe.

Kama hukukata, basi huenda ulichuma maua yote kwa ajili ya chombo cha maua. Acha theluthi moja walau.

Sababu inayofuata ni kufunikwa. Mwaka wa kwanza ardhi ilikuwa wazi kwa sababu uliiandaa. Mwaka wa pili nyasi zimejifunga na majani yametanda, mbegu ipo lakini haioni udongo. Kila Septemba kata nyasi za hapo zibaki sentimita 5 hadi 10, kwangua kwa reki ya chuma hadi udongo uonekane, kisha ongeza mbegu ulizohifadhi. Porini kazi hii ilifanywa na kwato za nyati na moto. *Usiwashe moto wa kufyeka mwenyewe.* Kaunti nyingi huweka marufuku ya kuchoma wakati wa ukame, na uchomaji wa malisho ni kazi ya watu wenye mafunzo na kibali.

Kuhifadhi mbegu ni rahisi: mfuko wa karatasi, mahali pakavu na baridi, tarehe juu yake. Inafaa kuzijali. Mbuga za asili za udongo mweusi wa Texas zilizosalia hazifiki asilimia 1 ya zilivyokuwa, na pakiti ndogo ya mbegu za eneo lako ina thamani kuliko gunia lililotoka mbali. Usizichume kwenye hifadhi za serikali wala shamba la mtu bila ruhusa.

Imejaa malisho yote

Ng'ombe hukwepa miiba, hula majirani zake, na eringo inabaki peke yake. Wingi wake unakuambia malisho yamechoka. Punguza mifugo au ilishe kwa zamu kipande kwa kipande, nyasi zikirudi eringo itapungua yenyewe. Kukata kabla ya vichwa kukomaa, kwa miaka miwili, hufanya kazi haraka zaidi. Kwa dawa ya magugu kwenye eneo kubwa, tafuta mpuliziaji mwenye leseni.

Maua makavu yamegeuka kahawia

Yalichumwa yakiwa yamechelewa, au yamekaushwa kwenye mwanga. Kata asubuhi umande ukishakauka, kichwa kikiwa zambarau yote na kabla ncha za chini hazijaanza kufifia. Funga mashina 6 hadi 8, ning'iniza kichwa chini gizani penye hewa, wiki 2 au 3.

Kwa walio Afrika Mashariki

Mashamba ya maua ya Kenya hukuza eringo za kudumu, jamii ya Eryngium planum, kwa soko la Ulaya. Hizo ni nyingine. Usitumie ratiba zao kwa hii ya Texas. Mbegu kutoka nje inahitaji kibali: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, na kibali kinatangulia ununuzi. Kwa kuwa nyanda zetu nyingi hazina baridi ya kutosha, bila friji usitegemee kuota. Na kwa kuwa ni mmea unaojisia wenyewe na kuachwa na mifugo, usiumwage mbugani wala kando ya barabara. Kata vichwa vyote kabla havijabomoka.

Mwiba umeingia mwilini

Vaa glavu za ngozi, za kitambaa hupenywa na miiba. Vaa miwani unapokata mabua makavu. Mwiba ukiingia, osha kwa sabuni, utoe kwa kibano kilichosafishwa kwa spiriti, usiuchimbe kwa kisu.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama mwiba umegusa jicho, umekatikia kwenye kiungo cha kidole, au kidole kimevimba na hakikunji. Pia ukiona mstari mwekundu unaopanda mkono, au homa. Uliza kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Kinundu kisichouma kinachotokea wiki kadhaa baadaye mahali pa mwiba, kisha vingine vikafuatana kupanda mkono, huenda ni sporotrikosi, kuvu ya udongo na miiba. Mweleze daktari kwamba ulikuwa unashika mimea yenye miiba, kwa sababu dawa za kawaida za bakteria haziitibu.